Chumba cha Vidio cha Manyatta, Kisumu: Tathmini ya Mzazi Aliyekwenda Kulipa Deni

Chumba ninachokitathmini hapa hakina bango wala jina. Kipo katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Kondele, nyuma ya safu ya vibanda vya kinyozi, mkaa na mboga, na anayekitafuta kwa mara ya kwanza hana budi kufuata kelele. Kuta zake ni za mabati, sakafu ni ya saruji iliyopasukapasuka, na ndani mna mabenchi 12 ya mbao yanayoelekea kitambaa cheupe kilichowambwa ukutani, ambacho mwenye chumba hukimulika kwa projekta. Mechi ya kawaida ya Ligi Kuu ya Uingereza hutozwa shilingi 30, fainali kubwa shilingi 50. Nimeingia humo mara saba kati ya Mei na Agosti mwaka wa 2025, nami ni mtu ambaye kabla ya hapo sikuwahi kutoa hata shilingi moja ili kutazama mpira.

Sharti nieleze kwanza kilichonipeleka, maana bila hilo msomaji atashangaa kwa nini mwalimu wa Kiswahili wa makamo yangu anakagua chumba cha vidio kana kwamba ni hoteli ya kitalii. Mwanangu wa kwanza alifariki mwezi wa Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 15. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao hufanya chembe nyekundu za damu zipoteze umbo lake la duara na kupinda mithili ya mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu ambayo mtoto huyasikia mifupani na mzazi huyasikia kwa masikio tu, usiku kucha. Ugonjwa huu umeenea katika kanda yetu ya Ziwa Victoria kwa sababu ya malaria: aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa mzazi mmoja pekee hukingika kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kwa vizazi vingi watu wa namna hiyo walisalimika, wakaoana, wakairithisha. Mimi na mke wangu sote tulikuwa wabebaji na hatukujua. Kwa wazazi wa aina yetu, kila mimba huja na uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Binti yetu hana ugonjwa huo. Kaka yake alikuwa nao.

Mtoto wa namna hiyo hukatazwa mambo mengi ambayo wenzake huyafanya bila kuyafikiria. Asikimbie hadi akaishiwa na pumzi, asinyeshewe, asipigwe na baridi, asikae na kiu, kwa kuwa lolote kati ya hayo laweza kuamsha maumivu. Mwanangu aliupenda mpira kupita kiasi na hakuweza kuucheza kwa zaidi ya dakika kumi, kwa hiyo aliugeuza kuwa somo. Alijua mabeki wa Arsenal walivyojipanga kuliko alivyojua ngeli za Kiswahili, jambo ambalo mimi, kwa upumbavu wa mzazi aliyedhani muda upo, nilimkemea nalo mara nyingi. Mwisho wa juma nilimpa shilingi 30 za kiingilio na kumwambia arudi mechi ikiisha. Sikuwahi kumuuliza chumba kilikuwa wapi wala kilikuwa cha nani.

Mwezi wa Mei, mke wangu alipopata nguvu za kuyapanga madaftari yake ya shule, tulikuta ndani ya kitabu cha hisabati kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa hati yake: «Vidio, 30 × 3 = 90.» Katika mazishi yetu huku magharibi, kabla ya jeneza kuteremshwa, msemaji wa familia huuliza hadharani kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye. Swali hilo liliulizwa pia kwenye mazishi ya mwanangu, wengine wakalichukua kuwa desturi tu kwa mtoto wa umri huo, na hakuna aliyejitokeza. Sasa tulikuwa na deni mkononi. Dawa ya deni ni kulipa, na Jumamosi ya tarehe 31 Mei, jioni, niliuliza njia kwa vijana wa bodaboda mpaka nikafika.

Mwenye chumba ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akichomelea milango ya vyuma kabla ya kuanza kazi hii. Alikuwa mlangoni na daftari lake la jalada gumu, kwa sababu usiku huo palikuwa na fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya na watu walikuwa wamejaa tangu saa mbili. Nilipomwambia nimekuja kulipa shilingi 90 za mtoto fulani, aliniangalia, akafunga kalamu, akasimama. «Karibu, Baba Profesa,» akasema.

Inanibidi kusimama hapa kidogo. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kwa miaka 15 mimi nilikuwa Baba wa yule mtoto na mke wangu Mama wake, sokoni, kanisani, kwenye simu, kila mahali. Tangu siku ya mazishi watu waliacha. Wengine walianza kuniita Mwalimu tu, wengine wakahamia kwa jina la binti yetu, ghafla, bila kusema neno, kana kwamba walikutana mahali wakaafikiana. Walifanya hivyo kwa huruma, nami siwalaumu, lakini nilihisi kwamba nimepokonywa mtoto kisha nikapokonywa na jina. Mtu wa kwanza kunirudishia jina hilo, japo kwa lakabu ambayo sikuwa nimeisikia maishani mwangu, alikuwa mwenye chumba cha vidio.

Mwanangu walimwita Profesa, mwenye chumba alinieleza, kwa sababu alikuwa akiwafafanulia watu wazima kwa nini bao limekataliwa. Daftari lilikuwa na majina ya wadeni na tarehe, na jina Profesa lilikuwa na mistari mitatu. Tarehe 18 Januari: Arsenal na Aston Villa, mabao 2-2. Tarehe 25 Januari: Wolves, ambao Arsenal iliwafunga bao moja ikiwa na wachezaji pungufu. Tarehe 2 Februari: Manchester City, waliopigwa 5-1. Mbele ya mechi hiyo ya mwisho mwenye chumba alikuwa amechora nyota. Aliniambia kuwa siku hiyo mwanangu alisimama juu ya benchi, yeye ambaye hakuwa akisimama, kwa kuwa mawili kati ya mabao hayo yalifungwa na vijana wadogo kabisa, Myles Lewis-Skelly wa miaka 18 na Ethan Nwaneri wa miaka 17. Nilifanya hesabu palepale mlangoni: walimzidi kwa miaka mitatu na miwili. Nikauliza kwa nini basi alikopa ilhali mimi nilimpa nauli ya mpira kila mara. Jibu lilikuwa kwamba shilingi zangu 30 alimlipia jirani yake asiye na kitu, kisha yeye mwenyewe akaandikiwa, akisema mtoto wa mwalimu huaminika. Na kwa nini hakulidai deni hilo makaburini? «Mwalimu, ningesimama mbele ya watu wote wale kwa shilingi tisini?»

Nililipa, naye akazipokea bila kujifanya kuzikataa, jambo ambalo nalihesabu kuwa sehemu ya huduma njema. Angezikataa ningerudi nyumbani na lile deni. Nilipogeuka kuondoka aliniuliza kama nisingependa kukaa. Akanionyesha benchi la tatu, mwisho wake ulio karibu na mlango, ambako hewa hupita na chini yake hukaa mtungi wa maji. Mtungi huo, akasema, uliwekwa kwa ajili ya Profesa, kwa kuwa alikuwa akinywa maji mfululizo na hakuweza kutokatoka. Mimi nilimpa mtoto maonyo kuhusu kiu kwa miaka 15. Mtu huyu aliweka mtungi. Nililipa shilingi 50 za fainali, nikakaa.

Sasa nieleze huduma yenyewe usiku ule. Picha ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, ijapokuwa aliyekaa mabenchi ya nyuma kabisa hutazama mchezo kati ya vichwa. Sauti ni kubwa mno. Spika mbili zimeelekezwa masikioni mwa benchi la kwanza, na mzee hatakaa hapo. Wauzaji wa mayai ya kuchemsha na karanga hupita katikati ya watu hata mpira ukiwa langoni. Mchezo ulikuwa kati ya Paris Saint-Germain na Inter ya Milan, ulichezewa Munich na kuanza saa nne za usiku wetu. Achraf Hakimi alifunga katika dakika ya 12, Désiré Doué, kijana wa miaka 19, akaongeza la pili katika dakika ya 20. Mashabiki wa Arsenal, ambao Paris iliwatoa katika nusu fainali, walikuja kuiombea Inter mema, na baada ya nusu saa walikuwa wameshakata tamaa na kugeukia mayai. Kisha, muda mfupi baada ya saa tano, umeme ukapotea. Jenereta ilichukua kama dakika tano kuwashwa, na katika dakika hizo Doué akafunga bao la tatu ambalo sisi tulilisikia kutoka kwa redio ya simu ya kijana mmoja. Mwenye chumba hakutoa visingizio. Alitangaza kwamba kila aliyekuwapo angelipa shilingi 20 badala ya 30 mechi yake inayofuata, akaandika majina, na baadaye alitimiza ahadi hiyo. Nimelala katika hoteli za mji huu ambazo hazikunirudishia chochote kwa usiku mzima wa giza.

Habari za kocha wa Paris sikuzijua. Nilisimuliwa na kijana aliyeketi ubavuni mwangu, kwa lugha ya mtaani ambayo darasani ningeikatia alama nyingi, nami baadaye nilijisomea. Luis Enrique, Mhispania, alifiwa na binti yake Xana tarehe 29 Agosti 2019, akiwa na miaka 9, kutokana na saratani ya mifupa. Mwezi wa Juni mwaka huo alikuwa ameacha kazi ya kuifundisha timu ya taifa ya Uhispania ili amuuguze, na mwezi wa Novemba, miezi michache baada ya kumzika, aliirudia. Mwaka wa 2015, aliposhinda kombe hili hili akiwa na Barcelona huko Berlin, msichana huyo alikuwa uwanjani akikimbia na baba yake na bendera ya timu, wakaichomeka katikati ya nyasi. Miaka kumi ikapita. Huko Munich Paris ilimaliza kwa mabao 5-0, la mwisho likifungwa na kijana mwingine wa miaka 19, Senny Mayulu, na kilikuwa kikombe cha kwanza cha klabu hiyo katika mashindano hayo. Baada ya kipenga cha mwisho kocha alivaa fulana yenye mchoro wa yeye na bintiye na ile bendera, na mashabiki wakakunjua jukwaani kitambaa kikubwa mno chenye picha hiyo hiyo, mtoto akiwa amevishwa jezi ya Paris.

Chumbani watu walikuwa wameanza kutoka. Mwenye chumba alipunguza sauti ya spika, sijui kama ni kwa ajili yangu au ni kawaida yake mechi ikiisha, na waliobaki walitazama kitambaa kile bila kusema. Sitadai kwamba nilipona. Wapo watakaokuambia kwamba kocha yule alifarijiwa na kikombe, na mimi naona wanakosea. Baba aliyefiwa anajua vizuri sana kwamba kikombe ni bati, na kwamba nyasi za Berlin zilikuwa na mtoto na za Munich hazikuwa naye. Kilichonigusa ni kwamba hakumficha. Aliwahi kusimulia kuwa mama yake mzazi hakuweza kuweka nyumbani picha za mjukuu aliyefariki, naye akamwambia aziweke, kwa kuwa kwake mtoto yule angali hai. Aliwahi pia kusema hadharani kwamba anajiona mwenye bahati, kwa vile alijaliwa miaka tisa ya kuishi naye. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilikasirika. Miaka tisa! Baadaye nikaanza kuhesabu yangu, nikafika 15, nikaendelea kukasirika, lakini kwa namna nyingine.

Nyumbani kwetu picha kubwa ya mazishi, ile yenye fremu ambayo hubebwa mbele ya jeneza, ilikuwa imegeuzwa uso ukutani nyuma ya kabati tangu Februari. Mke wangu aliigeuza, nami nikamwacha. Usiku ule nilifika saa saba, nikamwamsha, nikamweleza habari ya deni, ya jirani aliyelipiwa na ya mtungi wa maji. Alicheka aliposikia jina la Profesa, kisha akalia, kisha akauliza tena habari ya mtungi. Picha ilikaa nyuma ya kabati wiki mbili zaidi kabla hajaitoa mwenyewe.

Nirudi kwenye tathmini, kwa kuwa kasoro za chumba hiki si ndogo na mzazi anayefikiria kumruhusu mtoto aende huko anapaswa kuzijua. Hakina choo, wateja hutumia cha ploti jirani na hulipa shilingi 10. Baadhi ya vijana huja na mikeka ya kamari kwenye simu, na furaha yao haihusu mchezo bali pesa waliyoiweka, kwa hiyo matusi huzidi kila tokeo linapowaendea kombo. Mwenye chumba amepiga marufuku sigara, lakini wavutaji husimama mlangoni hasa, na moshi huingia moja kwa moja hadi benchi la tatu. Kubwa kuliko yote, chumba kilikuwa na mlango mmoja tu, watu themanini ndani na jenereta ya petroli ukutani. Nilimweleza kwa ukali wa kiualimu kwamba moto ukizuka hatutatoka. Hakunijibu kitu. Mwanzoni mwa Agosti niliporudi nilikuta amekata mlango wa pili upande wa nyuma, kazi nzuri ya mtu aliyewahi kuchomelea vyuma, na ameuwekea komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mmoja.

Nilirudi mwezi huo kwa sababu Kenya, pamoja na Tanzania na Uganda, iliandaa Mashindano ya CHAN, yale ya timu za taifa za Afrika zenye wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, nasi tulikuwa tunashiriki kwa mara ya kwanza. Safari hii nilikwenda na mke wangu. Wanawake humo ni wachache, na nilikuwa na wasiwasi, lakini vijana walisogea bila kuambiwa na mmoja akampangusia benchi kwa kofia yake. Kiingilio cha mechi za Harambee Stars kilikuwa shilingi 20, kwa kuwa hata nyumbani mtu angeweza kuzitazama bure. Tarehe 10 Agosti vijana wa kocha Benni McCarthy waliishinda Morocco kwa bao la Ryan Ogam, wakacheza kipindi chote cha pili wakiwa kumi, na sidhani kama mabati ya Manyatta yamewahi kutikisika vile. Mke wangu, ambaye hajui kuotea ni nini, alimuuliza kijana wa mbele yetu maswali mengi hadi kijana akacheka na kusema kwamba sasa ameelewa Profesa alikotoka. Alikuwa ndiye yule jirani aliyelipiwa. Hatukuwa tumemtambua, amerefuka sana.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa selimundu, ushauri wangu ni huu: mechi za alasiri zinafaa, za usiku katika miezi ya mvua hazifai, kwani mabati hupitisha baridi na njia ya kurudi hujaa maji. Mtoto abebe sweta hata kama kuna joto, akae benchi la tatu, na namba ya simu ya mzazi iachwe kwa mwenye chumba, ambaye huiandika nyuma ya daftari na huitumia. Kwa aliyefiwa, sina hakika kama ninaweza kukielekeza chumba chochote. Ninachoweza kusema ni kwamba humo hakuna atakayekuuliza unaendeleaje, wala hakuna atakayeshtuka ukilitaja jina la mtoto wako katikati ya kipindi cha kwanza.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti tulitoka sare ya 1-1 na Madagascar katika robo fainali, tukatolewa kwa penalti 4-3. Nilikuwa nimekuja moja kwa moja kutoka kazini bila pesa mfukoni, na mke wangu alidhani mimi ndiye niliyebeba. Mwenye chumba alifungua daftari, akauliza aandike kwa jina la nani, mke wangu akamjibu kabla yangu. Shilingi 40, watu wawili, Profesa. Bado hatujalilipa.